Yaliyosemwa Juu ya Mwili wa Mwanamke, na Dalili Zake

Imepokewa katika vitabu viwili vya Sahihi, cha Bukhari na cha Muslim, ya kwamba Ummu Sulaym, mamake Anas bin Malik, alimwendea Mtume (S.A.W.) na suala ambalo wanawake wa mji wowote hulionea haya. Alitanguliza kusema kuwa Mwenyezi Mungu haionei haya haki, kisha akauliza: mwanamke akiota ndoto kama aotavyo mwanamume, je, yampasa kuoga? Mtume akamjibu kuwa yampasa, akiona maji. Ummu Salama, aliyekuwapo, alijifunika uso kwa haya, akastaajabu kama mwanamke naye huota. Mtume akamrejeza kwenye jambo ambalo kila mtu hulishuhudia nyumbani kwake: lau mwanamke hana maji yake, mtoto angefananaje na mamake?

Khabari hii ina mafunzo mawili, nasi twapenda yatangulie kabla ya yote tutakayoyasema. Funzo la kwanza ni kwamba haya njema haimzuii mtu kuijua haki, ndiyo maana Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifundisha dini yao. Funzo la pili ni kwamba jambo la mwili lilipotiliwa shaka, Mtume hakujibu kwa yale waliyozoea kuyasema watu. Alileta dalili ionekanayo kwa macho.

Katika darasa yetu palizuka suala: Je, yafaa Muislamu kuzisoma fikra za wanafalsafa wanawake wa Ulaya na Marekani, ambao falsafa yao huitwa ufeministi, na ambao wameandika sana juu ya mwili wa binadamu? Baadhi yetu walisema kuwa haifai kabisa, kwani hao ni watu wa dini nyingine au wasio na dini. Wengine walisema kuwa hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, basi na aiokote aionapo. Tumeonelea tuwaandikie wasomaji wetu yale tuliyoyafikia, kwa kuwa mas-ala haya si ya vitabuni tu. Yamo majumbani mwetu. Yuko mwanamke aachwaye kwa ajili yake, na yuko bibi-harusi aaibishwaye kwa ajili yake.

Tutazitaja kauli nne zilizosemwa juu ya mwili wa mwanamke, na kila moja tutaidai dalili.

Kauli ya kwanza ni ile isemayo kuwa mtoto ni wa baba, na mama ni chombo tu. Utaisikia mitaani: mwanamke ni shamba, na mbegu ni ya mume. Kauli hii ni kongwe kuliko kuja kwa Mtume wetu. Aliyeisimamisha kwa hoja za falsafa ni Aristotle, ambaye Waarabu humwita Aristu, Myunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Yeye alisema kuwa mwanamume ndiye atoaye sura na uhai wa mtoto, na mwanamke hutoa kitu cha kutengenezewa tu, mfano wa seremala na mbao zake. Na mwanamke mwenyewe alimhisabu kuwa ni kama mwanamume aliyepungukiwa. Jalinus, tabibu mkubwa wa Kiyunani wa karne ya pili, alimkhalifu, akasema kuwa mwanamke naye ana mbegu. Vitabu vya wote wawili vilifasiriwa kwa Kiarabu. Hata Ibn Sina (980–1037), pamoja na ukubwa wa elimu yake ya utabibu, aliyakubali maji ya mwanamke lakini akayapa kazi ile ile aliyoisema Aristu, ya kuwa ni kitu cha kutengenezewa na maji ya mume.

Wanavyuoni wa Hadithi hawakunyamaza. Ibn Qayyim al-Jawziyya (1292–1350) aliwajibu waliosema kuwa mtoto hutokana na maji ya baba peke yake. Ibn Hajar al-Asqalani (1372–1449), katika sharhe yake ya Bukhari iitwayo Fath al-Bari, alikuta kosa la upande wa pili: aliitaja kauli ya wajuzi wengi wa tashrihi ya kwamba maji ya mume hayana athari katika mtoto ila kuigandisha damu ya mama, akasema kuwa Hadithi zaibatilisha. Basi walikuwako waliomnyang'anya mama fungu lake, na walikuwako waliomnyang'anya baba. Na wanavyuoni hawa wakawahukumu wote kwa ile dalili ya kufanana, na kwa yaliyotajwa katika Suratul-Insan, ya kwamba mtu ameumbwa kwa tone la mchanganyiko.

Ilikuwa mwaka 1827 ndipo Karl Ernst von Baer alipoliona kwa hadubini yai la mnyama anyonyeshaye, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonwa. Na mwaka 1876 Oscar Hertwig, kwa kumchunguza mnyama mdogo wa baharini mwenye miiba, akaona jinsi kiini cha mbegu ya dume kinavyoungana na kiini cha yai la jike vikawa kimoja. Hatusemi haya kwa kujigamba kuwa tuliyajua yote kabla ya wenzetu. Qur'ani haikuteremshwa iwe kitabu cha tashrihi. Twasema tu kuwa aliyemwambia mkewe, "Mtoto si wako, wewe ni chombo", hakusema neno la dini wala la elimu. Amemfuata Aristu bila ya kumjua.

Huenda mtu akatuletea Aya ya Suratul-Baqara iliyowafananisha wake na mashamba. Twamjibu kuwa Aya hiyo yazungumza juu ya ndoa na kutafuta kizazi, na yamalizika kwa kuwaamrisha waume wamche Mwenyezi Mungu na wajue kuwa watakutana naye. Si Aya ya kumnyima mama fungu lake la uzazi. Na mkulima gani wa Pwani aliyewahi kuona shamba lisilotoa chochote chake katika mavuno?

Kauli ya pili ni ile ya kumlaumu mke kwa kuzaa watoto wa kike. Mwanamke amejifungua binti wa nne; mkunga hajaondoka, na wifi wamekwisha anza kunong'ona kuwa tumbo lake ni la wana wa kike. Mume huingia akiwa amekunja uso, na baada ya miezi husikia tunaambiwa kuwa ataoa mke mwingine ili apate mrithi wa jina lake. Hatusemi kuwa kuoa mke wa pili ni haramu. Twasema kuwa sababu hii ni ya ujinga, na lawama hii ni ya dhuluma.

Dalili ni hii. Mwaka 1905 mwanamke mmoja wa Kimarekani, Nettie Stevens, alikuwa akichunguza mbegu za mdudu akaaye katika unga. Aliona kuwa mbegu za dume ni za namna mbili, na kwamba hizo ndizo zinazopambanua jike na dume katika watoto. Mwaka huo huo mwanachuoni mwenziwe, Edmund Wilson, alitangaza uchunguzi wake uliofanana na huo. Elimu hiyo ikaenea mpaka kwa binadamu. Kwa kawaida, kila chembe ya mwili wa mtu ina vitu vidogo mno viitwavyo kromosomu, idadi yake 46, vikiwa jozi 23. Jozi moja ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, na mwanamume ana X moja na Y moja. Yai la mama halina la kutoa ila X. Mbegu ya baba huchukua ama X ama Y. Ikifika yenye X, mtoto huwa wa kike. Ikifika yenye Y, huwa wa kiume.

Basi yule aliyekunja uso mlangoni, lau angetaka kumkasirikia mwenye fungu lililopambanua, angekitafuta kioo. Lakini hatutaki kuihamisha lawama kutoka kwa mke tukamtwika mume, kwa kuwa yeye naye hana khiari katika mbegu zake. Katika Suratush-Shura Mwenyezi Mungu ametaja kuwa humpa amtakaye watoto wa kike, na humpa amtakaye wa kiume, au humchanganyia, na humfanya amtakaye asizae. Na katika kutaja huko wa kike wametangulia. Katika Suratun-Nahl amewaeleza watu wa Jahiliya, namna uso wa mmoja wao ulivyokuwa ukigeuka mweusi akipashwa habari ya binti. Na Mtume wetu mwenyewe wanawe wa kiume walifariki wakingali wadogo, wakabaki mabinti kuwa wakubwa, na kizazi chake kitukufu kikaja kupitia kwa Bibi Fatima. Anayeona aibu kwa binti, na amfikiri Mtume anayemswalia.

Na mfano wa hayo ni lawama ya utasa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa kiasi cha mtu mmoja katika kila sita hupatwa na taabu ya kutopata mtoto katika umri wake. Sababu huweza kuwa kwa mke, huweza kuwa kwa mume, huweza kuwa kwa wote wawili. Juu ya hivyo, ni nani apelekwaye kwa tabibu, na kwa waganga, na kwenye makombe na mafusho, mwaka baada ya mwaka, naye mumewe hajakubali kupimwa hata mara moja?

Kauli ya tatu ilitoka kwa wataalamu wa Ulaya na Marekani wenyewe, nasi twaitaja ili mtu asidhani kuwa ujinga huu ni wetu peke yetu. Mwaka 1873, huko Boston, tabibu Edward Clarke, aliyepata kuwa mwalimu wa utabibu katika chuo cha Harvard, alitoa kitabu akidai kuwa msichana akisomeshwa kama mvulana, nguvu zinazohitajiwa na viungo vyake vya uzazi zitapotea katika kusoma, naye atadhoofika. Watu wengi wakayakubali, kwa kuwa msemaji alikuwa mtu wa elimu. Mwanamke tabibu, Mary Putnam Jacobi, hakumjibu kwa matusi. Alikwenda akawauliza wenye miili yenyewe. Aliandika masuala juu ya hedhi na afya na kazi, akapata majibu ya wanawake 268, akatia na vipimo vya mapigo ya damu na nguvu za misuli. Akaonyesha kuwa hedhi haimlazimishi mwanamke mwenye afya njema kuacha kazi wala masomo yake. Insha yake ilipata tuzo ya chuo kile kile cha Harvard mwaka 1876.

Sisi nasi tulikuwa na ya kwetu. Walikuwako watu wa Pwani waliosema kuwa binti akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume. Hayo hayakuwa maneno ya tabibu, lakini makusudio yake yalikuwa yale yale: kulifanya umbile la mwanamke kuwa sababu ya kumnyima elimu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, alikuwa katika wanavyuoni waliosimama kuwatetea mabinti wasomeshwe. Leo mabinti wetu ni walimu na matabibu, na matumbo yao yangali yakizaa.

Kauli ya nne ni nzito zaidi, nasi twaomba tusikizwe kwa subira. Ni ile isemayo kuwa ubikira wa bibi-harusi hujulikana kwa damu. Wazee wetu waijua kisarawanda, ile nguo aliyotandikiwa bibi-harusi, ikatolewa asubuhi kwa somo na mashangazi, wakaitazama. Ikiwa na damu hupigwa vigelegele, na ikiwa haina, nyumba nzima huingiwa na kimya. Kama nguo yenyewe imekwisha sahauliwa katika nyumba nyingi, dhana iliyomo ndani yake haijasahauliwa. Wako vijana wa leo, wenye shahada za vyuo vikuu, ambao wangali wakiingojea damu hiyo kama hakimu angojavyo shahidi.

Elimu ya tashrihi yasema kuwa ngozi hiyo haifanani kwa wanawake wote. Kuna aliyezaliwa nayo nyembamba na aliyezaliwa nayo pana, na kuna ambaye hunyumbuka isitoke damu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa, yalitangaza kuwa hakuna upimaji wowote uwezao kuthibitisha kama mwanamke amepata kuingiliwa au la, na yakataka upimaji huo ukomeshwe.

Mtu atasema kuwa hayo ni maneno ya wageni. Basi na asikilize ya wenyeji. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, ambacho ni katika vitabu vinavyotegemewa na madhehebu yetu ya Kishafii, ameeleza kuwa ubikira ulioondoka pasipo kuingiliwa, kama vile kwa kuanguka, haubadilishi hukumu ya mwanamke; kwa kauli iliyo sahihi zaidi, yeye angali na hukumu ya bikira. Kitabu hiki kimesomwa kwa karne nyingi. Yaani mafakihi wetu walijua kuwa mwili huweza kubadilika pasipo dhambi, na hali mashangazi wamesimama mlangoni na nguo mkononi!

Tena Sharia imeweka mlango mwembamba mno kwa mwenye kutaka kumsingizia mwanamke uchafu. Katika Suratun-Nur ametakiwa alete mashahidi wanne, na asipowaleta apigwe mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe tena. Nguo si shahidi wa kwanza, seuze wa nne. Mwenye kuitazama nguo akamhukumu binti wa watu, kisha akaunong'ona uvumi huo barazani au jikoni, na ajihadhari asije akawa yeye ndiye aliyeingia katika dhambi kubwa, naye binti hana lake.

Sasa tuzitazame kauli hizi nne kwa pamoja. Katika kila moja, msemaji alikuwa mtu mwingine, na aliyelipa alikuwa mwenye mwili. Katika kila moja, ada ya watu ilivishwa joho la maumbile, ikasemwa kuwa ndivyo mwanamke alivyoumbwa. Na hakuna hata moja ambayo wasemaji wake waliwahi kumwuliza mwanamke kama Mtume alivyomsikiliza Ummu Sulaym.

Hapa ndipo tunapowarejea wale wanafalsafa wanawake, kwani hili ndilo waliloliona wazi. Mwaka 1949 Simone de Beauvoir wa Ufaransa alitoa kitabu kikubwa juu ya mwanamke. Alianza kwa kuyachungua yaliyosemwa na wajuzi wa maumbile, yakiwamo ya Aristotle. Hakukanusha kuwa mwili wa mwanamke una hedhi na mimba na uchovu wake. Alilolikanusha ni kwamba mambo hayo peke yake yatosha kumpangia mwanamke daraja yake duniani. Alisema kuwa maana ya mwili hutiwa na watu, na kwamba mengi tuyaonayo kuwa ni uanamke msichana hufundishwa tangu utotoni. Mwaka 1980 Iris Marion Young wa Marekani aliandika juu ya wasichana wanavyorusha mpira: hutumia mkono tu, na mwili wote umejizuia, kwa kuwa wamelelewa katika hofu ya kutazamwa. Na mwaka 1991 Emily Martin alivichambua vitabu vya sayansi vya chuo kikuu, akaonyesha kuwa vilieleza mbegu ya mume kama shujaa aendaye vitani, na yai la mke kama mtu aliyelala akingojea, na hali uchunguzi ulikwisha onyesha kuwa yai nalo lina kazi yake katika kuipokea na kuishika mbegu. Aristu alikuwa amekufa zaidi ya miaka 2,300, na mfano wake wa seremala na mbao ulikuwa ungali ukifundishwa!

Kuuliza kwao, "Nani amesema, na amejuaje?", ni kuuliza ambako Qur'ani imetuamrisha. Katika Suratul-Hujurat tumeamrishwa tuichunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na katika Suratul-Baqara wenye kudai wametakiwa walete dalili zao. Kwa hiyo twawajibu ndugu zetu waliokataza kusoma: haki haiwi batili kwa kutamkwa na asiye Muislamu.

Lakini hatukubali kila wanalolisema. Miongoni mwao yuko Judith Butler, aliyetoa kitabu mwaka 1990, akasema kuwa hata huo uume na uke wa mwili hatuwezi kuuona ila kwa miwani ya ada za watu. Sisi twaamini kuwa kuumbwa kwa mume na mke ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, nako kulikuwako kabla ya ada zetu na majina yetu. Tunalolikubali ni kwamba miwani ipo, na imewahi kutudanganya mara nne katika makala haya haya. Basi mtu asiseme "ndiyo maumbile" ila baada ya kuifuta miwani yake.

Tena wako wasemao: mwili wangu ni mali yangu, nitaufanya nitakavyo. Hapa twatengana nao. Muislamu haumiliki mwili wake. Ni amana aliyopewa na Muumba wake, na siku moja atairudisha. Ndiyo sababu mtu hana ruhusa ya kujiua, na Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha, kuwa mwili wake una haki juu yake.

Hata hivyo, twaogopa kuwa neno hili amana, wakilisikia wanaume wengine, watalifurahia kwa sababu isiyo yake. Watasema: naam, mwili wa mwanamke si mali yake, basi ni mali yetu sisi, baba na kaka na mume. Haya ni makosa, na pengine ndiyo makosa yaliyozizaa zile kauli nne zote. Tumwulize fakihi yeyote: amana ikiwekwa mkononi mwa mtu, ni nani mwenye jukumu la kuihifadhi, na ni nani atakayeulizwa? Atajibu kuwa ni yule aliyewekewa. Na mwili wa mwanamke Mwenyezi Mungu amemwekea mwanamke mwenyewe. Siku ya Kiyama, kama ilivyotajwa katika Surat Yasin, mikono itasema na miguu itashuhudia; na mikono hiyo na miguu hiyo itamshuhudia mwenyewe, haitamshuhudia mumewe wala shangazi yake. Nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine.

Mume ana haki zake zilizotajwa na Sharia, na mke ana zake, hatukuzifuta. Lakini haki ya mtu juu ya kitu haimfanyi kuwa mwenye kitu. Khansa bint Khidam alipoozwa na babake mume asiyemtaka, alimwendea Mtume, na Mtume akaivunja ndoa ile. Babake alikuwa na haki ya uwalii. Hakuwa na mwili wa bintiye.

Ikiwa mwanamke ndiye atakayeulizwa, basi haijuzu kumfanya asijue, wala kumfanya asiwe na neno. Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu mambo matatu.

La kwanza, tuache kutoa ushahidi juu ya miili tusiyoijua. Aliyezaa mabinti asilaumiwe. Wasiopata mtoto wapimwe wote wawili. Na nguo ya bibi-harusi ifuliwe kama nguo nyingine, asiitazame mtu.

La pili, binti asingojee mpaka usiku wa kuamkia harusi ndipo afundishwe mwili wake. Madarasa yetu hufundisha hukumu za hedhi na istihadha. Na yaongeze elimu ya umbile lenyewe, ifundishwe na wanawake waliosoma dini na utabibu. Vijana wa kiume nao wafundishwe, kwani ujinga mwingi tuliouhesabu hapa ulikuwa wa wanaume.

La tatu, mwanamke akisema kuwa anaumwa, na asadikiwe. Asikalishwe nyumbani akiwa katika uchungu wa kuzaa mpaka mume arudi safari, au mpaka wazee washauriane kama apelekwe hospitali. Mwenye amana amekwisha sema kuwa inaharibika. Wanashauriana juu ya nini?

Hatukuandika haya ili kuwafurahisha watu wa Ulaya, wala ili kuwachukiza wazee wetu tuwapendao, ambao wengi wao walitenda kama walivyofunzwa. Tumeandika kwa kuwa tumeona watu wakidhulumiwa kwa jina la maumbile na kwa jina la dini, na hali maumbile na dini hazina habari. Lau tungekuwa na haya kidogo mbele ya watu, na haya zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, tungeuliza kama alivyouliza Ummu Sulaym.

Twamwomba Mola atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Amin.